KUTEMBEA KATIKA ARDHI KWA KUZINGATIA
Somo la darasa juu ya safari ya Nakuru na Bonde la Ufa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Katika likizo ya skuli iliyopita vijana wa darasa letu walitutaka tufuatane nao waende Nakuru, wakatazame ziwa na mlima wa Menengai na mahali palipochimbuliwa athari za watu wa kale. Neno hili halikukaa ndani ya darasa. Lilifika barazani, na huko likazaa maneno mengine. Mzee mmoja, na ni mtu tumheshimuye, alimzuia mwanawe asende, akasema kuwa safari ya kwenda kutazama ndege na mawe ni mchezo wa watalii, na kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza watu kufunga safari isipokuwa kwenda misikiti mitatu. Mwengine akasema kinyume chake, kwamba safari ni furaha tu, na mwenye pesa zake hana haja ya kuuliza mashekhe. Yule kijana alibaki nyumbani, na wenzake wakaondoka pasina yeye. Kwa sababu ya kijana huyo ndio twaandika somo hili, maana jambo likiachwa baina ya “haramu” isiyo na dalili na “furaha tu” isiyo na mpaka, watoto wetu hupotea katikati.

Kwanza hiyo hadithi ya misikiti mitatu. Ni hadithi sahihi, wala hapana aikanushaye. Lakini wanavyuoni wamefahamu kuwa makusudio yake ni mtu kufunga safari kwenda mahali kwa kuitakidi kuwa mahali penyewe pana fadhila maalumu ya ibada, akapania huko kama apaniavyo Msikiti wa Makka, na wa Madina, na wa Baitul Muqaddas. Ama safari ya biashara, au ya kutafuta elimu, au ya kumzuru jamaa, au ya kuziona alama za uwezo wa Mola, haimo katika katazo hilo. Lau ingekuwamo, basi babu zetu waliokwenda Hadhramaut na Zanzibar kusoma wote wangekuwa wameasi! Na la ajabu ni kwamba baadhi ya hao wanaoisoma hadithi hii mbele ya vijana wanaotaka kwenda kutazama ziwa, wao wenyewe hawaisomi mbele ya mtu afungaye safari na ubani wake na maji ya waridi kwenda pangoni au kaburini kuomba mtoto. Hapo ndipo ilipofaa hasa kusomwa.

Ama Qur'ani, haikuturuhusu tu kutembea, bali imetuamrisha. Katika Suratul Ankabut twaambiwa tutembee katika ardhi tuangalie vipi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba. Katika Suratul Hajj wanalaumiwa watu waliotembea na nyoyo zao zisifahamu, kwa kuwa upofu wa kweli ni wa moyo wala si wa macho. Na katika Suratul Ghashiya twaelekezwa kumtazama ngamia, na mbingu, na milima, na ardhi ilivyotandazwa. Msomaji azingatie kuwa amri yenyewe imekuja pamoja na sharti yake: tembeeni, kisha tazameni. Atembeaye asitazame amefanya nusu ya alichoamrishwa, na nusu hiyo peke yake haina thamani kubwa.

Tukija kwenye fiqhi, iko mas-ala ambayo tulipoisoma darasani vijana walishangaa. Je, mtu anayesafiri kwa ajili ya kutazama nchi hupunguza sala? Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi amenakili kutoka kwa Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni kwamba safari ya mtu anayezunguka miji kwa ajili ya kuiona tu, bila ya kusudio jengine, si kusudio sahihi, na mtu huyo hapati ruhusa ya msafiri. Hukumu hii si ndogo. Maana yake ni kwamba anayetangatanga bila ya kujua aendako wala alitakalo, hata akienda maili elfu, atasali rakaa nne kama aliye nyumbani kwake. Lakini wanavyuoni wa baadaye wakatofautisha: mwenye mahali maalumu anapokwenda, na ana kusudio la haki kama vile elimu au hata kuburudisha nafsi kwa njia ya halali, huyo ni msafiri kamili. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, na masafa ya kupunguza sala kwetu ni marhala mbili, ambazo hazifiki hata kilomita 90. Basi tulipotoka katika majengo ya mji tulipunguza na tukachanganya, na kwa kuwa tulinuia kukaa Nakuru chini ya siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, tuliendelea hivyo mpaka tukarudi.

Hapa hatuna budi kutaja kosa, na kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa la mwengine. Gari tuliyoikodi hatukufanya sharti na dereva juu ya sala. Tulinuia kuichelewesha Adhuhuri tuisali pamoja na Alasiri njiani. Tulipomwambia dereva asimame alisema ana saa zake na tajiri wake, na akaendelea. Jua likaanza kushuka. Baadhi ya vijana wakasema, na tusali vitini. Tukawaeleza: kwetu sala ya faradhi ya mtu aliyeshindwa kusimama na kuelekea kibla ndani ya chombo husaliwa kwa kuuheshimu wakati, kisha hurudiwa, lakini hilo ni la mwenye dharura, na sisi tungali na ulimi wa kusema. Tukasema sana, na mwishowe dereva akasimama kando ya njia karibu na Naivasha. Tulisali kwenye nyasi katika baridi ambayo watoto wa pwani hawakuizoea, na wakati ulikuwa umebaki kidogo sana. Twawausia wenzetu: sharti ya sala iandikwe pamoja na sharti ya nauli, kabla pesa hazijatoka mkononi.

Kabla ya kufika hapo Naivasha, njia hupita ukingoni mwa Bonde la Ufa, na wasafiri wengi husimama hapo kununua ngozi za kondoo na kupiga picha. Chini huonekana bonde la Kedong na mlima wa Longonot. Ni mandhari ya kumfanya mtu aseme Subhanallah asipojijua. Ardhi imepasuka na kushuka, na ufa huo ni sehemu ya ufa mrefu unaotoka pande za Bahari ya Sham na Uhabeshi ukateremka hadi Msumbiji. Lakini sisi tuliwasimamisha vijana hapo kwa jambo jengine. Katika bonde hilo, mnamo Novemba 1895, msafara uliokuwa ukirejea kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamasai, wakauawa watu zaidi ya 500. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, na pamoja nao makumi ya watu wa pwani, wapagazi na askari, Waislamu kama sisi. Mwingereza mmoja mfanyi biashara, Andrew Dick, akaenda kulipiza kisasi, naye akauawa.

Kijana mmoja akasema, “Sheikh, basi hao ni mashahidi wetu.” Tukamwambia asiharakishe. Uchunguzi uliofanywa baada ya mauaji hayo uliona kuwa uchokozi ulianzia upande wa msafara, kwa walivyowatendea wenyeji katika maboma yao. Watu wetu walipita bara miaka mingi wakitafuta pembe za ndovu, na miongoni mwao walikuwako wema na walikuwako madhalimu. Alipokuja Joseph Thomson mwaka 1883 akapita Naivasha hadi Baringo, hakupita katika njia isiyojulikana. Alipita njia iliyokwisha kukanyagwa na misafara ya pwani, na akafuatana na Jumbe Kimemeta wa Pangani, ambaye miaka michache baadaye alifuatana pia na msafara wa Count Teleki. Neno “safari” lenyewe wazungu wamelipata kwetu. Hayo ni ya kujivunia. Lakini aliyetaka kujivunia njia na alikubali pia deni lililoachwa njiani. Tuliwaombea maiti wa Kiislamu wa Kedong maghufira, tukamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na dhulma za safarini, tukapanda gari.

Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1900, na pamoja nayo wakaja Waislamu wa pwani na wa Bara Hindi. Tangu Disemba 2021 umepewa daraja ya jiji. Misikiti ipo, na ndugu zetu wa huko walitupokea kwa ukarimu ambao hatuutaji kwa urefu wasije wakaona haya.

Ziwa lenyewe ni la magadi. Maji huingia kwa mito, wala hayana pa kutokea isipokuwa kwa jua kuyakausha, na chumvi ya magadi hubaki. Ni maji ambayo ng'ombe hayawezi na mkulima hayataki, na mtu wa haraka atasema hayana faida. Lakini katika maji hayo hayo humea mwani mdogo usioonekana kwa jicho, rangi ya kijani kibichi, na mwani huo ndio chakula cha heroe wadogo. Heroe huinamisha kichwa mpaka mdomo wake ukageuka juu chini, akavuta maji, akayachuja, akabakisha chakula. Na ile rangi yake ya waridi iwashangazayo watu hakuzaliwa nayo. Kinda la heroe ni la kijivu, na wekundu humjia kutokana na chakula hicho. Msomaji na azingatie: maji machungu, ndani yake mwani wa kijani, na kutokana nao ndege mwekundu. Katika Suratul Mulk twaulizwa kama hatuwaoni ndege walio juu yetu wakikunjua mbawa zao na kuzikunja. Darasani tulikuwa tukiisoma aya hiyo kwa irabu zake na tafsiri yake. Siku ile kundi liliporuka kwa pamoja, kijana mmoja aliisoma kwa sauti bila ya kuambiwa, na wenzake wakanyamaza.

Hata hivyo hatukuwakuta kwa wingi ule uliosifiwa na wazee waliofika zamani, walipokuwa wakihesabiwa kwa mamia ya maelfu, hata kukawa na nyakati zilizosemwa kuwa wamezidi milioni. Sehemu ya ziwa ilihifadhiwa kwa ajili ya ndege tangu 1961, na mwaka 1968 pakafanywa mbuga ya taifa. Lakini tangu kiasi cha mwaka 2010 maji yamepanda sana, kwa mvua nyingi zilizonyesha katika milima inayolizunguka bonde. Lango la zamani la mbuga limezama, na miti mikubwa imesimama ndani ya ziwa imekufa, mikavu kama milingoti ya majahazi yaliyopanda mwamba. Maji yakizidi, magadi huwa mepesi; magadi yakiwa mepesi, mwani hupungua; na mwani ukipungua, heroe huhamia Bogoria au kwengine. Hayo ni kadari ya Mola na sababu zake. Lakini yako na mengine ambayo ni mikono yetu: taka na maji machafu ya mjini huteremka ziwani na mvua. Tuliona vifuko vya plastiki ufukweni. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na kuchafua maji na njia za watu na vivuli vyao, na hatudhani kuwa katazo hilo lataka fatwa mpya kwa ajili ya Nakuru, wala kwa ajili ya fukwe zetu za hapa, ambazo hazina haki ya kulicheka ziwa la mtu.

Menengai ni mlima uliobomoka kilele chake kwa ndani, ukawa shimo kubwa mno. Upana wake mahali pengine hufika kiasi cha kilomita 12, na kina chake ni karibu mita 500. Mtu akisimama ukingoni huona mawe meusi ya moto wa zamani na moshi mweupe ukipanda hapa na pale. Wenyeji husimulia kuwa katika vita vya Wamasai wao kwa wao, katika karne ya 19, mashujaa wa Laikipiak walisukumwa ndani ya shimo hilo, na kwamba ule moshi ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Habari ya vita ni tarehe, na ina asili. Ama moshi, ni mvuke wa maji yaliyopashwa na moto ulio chini ya ardhi. Mvuke wa namna hiyo ndio uendeshao mitambo ya umeme huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981, na Menengai kwenyewe uchimbaji wa visima vyake ulianza 2011. Basi huenda taa inayomulika msomaji wa somo hili imewashwa na hicho ambacho mwengine amekiita pepo. Vijana wetu walicheka waliposikia habari ya roho. Tukawauliza: na yule jirani yako asiyepita chini ya mbuyu saa saba za mchana, yeye umemchekea? Wakanyamaza.

Katika mji huo huo kipo kilima kidogo kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, ambacho Bibi Mary Leakey alikichimbua mwaka 1937 na 1938. Zamani ziwa lilikuwa kubwa mno, na maji yalifika chini ya kilima hicho. Pana athari za makazi, na mazizi, na makaburi ya watu waliokaa hapo vizazi vingi kabla ya wote tuwajuao. Na pana jambo lililowafurahisha vijana kuliko yote: bao limechongwa juu ya jabali, mashimo yake yamepangwa safu kwa safu, kama hili tuchezalo barazani. Na Kariandusi, karibu na ziwa la Elmenteita, yako mashoka ya mkono ya jiwe jeusi linga'aalo kama kioo, ambayo wataalamu huyahesabia mamia ya maelfu ya miaka. Tuliulizwa juu ya hesabu hiyo. Tulijibu kuwa Qur'ani haikututajia umri wa dunia kwa miaka, basi hatuoni sababu ya Mwislamu kugombana na jiwe.

Swali zito zaidi lilikuwa hili: Mtume (S.A.W.) alipopita Hijr, majumba ya Thamud, katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, aliwakataza sahaba kuingia ila wakiwa wanalia, akakataza wasinywe maji ya visima vile isipokuwa kisima alichokuwa akinywa ngamia, na akaharakisha kipando chake. Je, hukumu hii yahusu kila magofu? Jawabu yetu ni kuwa yahusu mahali palipothibiti kuwa pameteremkiwa na adhabu. Watu wa kilima cha pimbi hatukuletewa habari kuwa waliadhibiwa, na haifai kumtungia maiti asiyejulikana dhambi. Lakini adabu yabaki: mifupa ya mwanadamu si kitu cha kuchekea wala cha kusimama mbele yake ukipiga picha na kuonyesha meno. Kijana mmoja alifanya hivyo, akaambiwa na mwenzake kabla ya sisi kusema, na hilo lilitupendeza.

Siku ya mwisho tulikwenda Bogoria, kaskazini, kuona chemchemi za maji yachemkayo yakiruka juu. Mahali hapo, pamoja na Nakuru na Elmenteita, paliandikwa mwaka 2011 katika daftari la UNESCO la urithi wa dunia, mwaka ule ule iliyoandikwa Ngome ya Yesu ya kwetu Mombasa. Watu walioko huko ni Waendorois. Katika miaka ya 1970 waliondoshwa kando ya ziwa ili pafanywe hifadhi ya wanyama, wakakosa malisho, na chumvi ya mifugo, na mahali pao pa ibada na makaburi ya wazee wao. Wakashitaki, na mwaka 2010 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba wamedhulumiwa, warejeshewe haki ya ardhi yao na walipwe. Wao si Waislamu. Lakini hadithi ya mwenye kupora shubiri ya ardhi kwa dhulma, kuwa atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, haikusema kuwa shubiri hiyo iwe ya Mwislamu. Sisi wa pwani, ambao kila nyumba ina hadithi yake ya shamba lililochukuliwa, twafahamu jambo hili bila ya kufafanuliwa sana. Kwa hivyo atakayekwenda kuangalia uzuri wa Bogoria na alipe kiingilio chake, na akinunua asali au kitu chochote, anunue kwa mwenyeji, asimpunje bei kwa kuwa ni mtu wa kijijini.

Limebaki swali la kina mama, ambao wametuletea barua wakiuliza kwa nini safari ni ya wavulana tu. Wana haki ya kuuliza. Amri ya kutembea na kuzingatia haikuja kwa wanaume peke yao. Sharti ni mahram na sitara, na mahali pa kulala palipo salama, na haya yawezekana zikifuatana familia. Tumeafikiana na wenzetu wa darasa kuwa safari ijayo, Inshaallah, itakuwa ya familia, nayo itaanza na ya karibu: Gede, kisha Lamu. Nakuru itafuata. Na yule mzee tuliyemtaja alikuja darasani juma lililopita, akakaa nyuma, akasikiliza somo la sala ya safari mpaka mwisho. Kisha akauliza kama katika gari hiyo ya pili itakuwapo nafasi ya watu wawili.